Kugawa Shamba Kuwa Ploti: Seveya Si wa Kwanza



Somo hili limetokana na swali tunaloulizwa kila tukitembelea vikundi vya Kajulu, Kolwa na Kogony. Mmeweka akiba pamoja, mmempata mzee anayeuza ekari moja, na sasa mnataka kugawana ploti za kujenga. Mnatuuliza, "Tumlete seveya lini?"

Tunajibu: ngojeni kidogo. Kuna kikundi cha akina mama tulichotembea nacho. Walilipa pesa yote, wakapimiwa kwa kamba, wakapanda ojuok mpakani, na kila mmoja akaonyeshwa pake. Walipoanza kutafuta hati wakakuta shamba bado liko kwa jina la baba yake muuzaji, mzee aliyezikwa zamani. Pesa imelala, na muuzaji ana ndugu ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni jina. Chukueni namba ya shamba, kwa mfano Kisumu/Kogony na tarakimu zake, mwende ofisi ya msajili wa ardhi mkafanye upekuzi rasmi. Karatasi hiyo itawaonyesha mwenye shamba ni nani, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Msitosheke na kivuli cha hati ambacho dalali amekunja mfukoni.

Kama jina ni la marehemu, simameni hapo hapo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka familia iende kortini kwanza. Watachukua barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, watafungua kesi, na tangazo litatoka katika Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Kwa kawaida msimamizi hungoja miezi 6 tangu apewe barua za usimamizi ndipo korti ithibitishe mgao. Kuuza kabla ya hapo ni kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa la jinai. Mtu asiwaambie pia kwamba dada zake muuzaji hawahusiki kwa kuwa wameolewa. Kwa sheria hiyo binti ni mrithi kama kijana wa kiume. Tunajua wazee wengi nyumbani hawapendi kusikia hivyo, lakini afadhali mzee akasirike leo kuliko dada aje na amri ya korti mkiwa mmefika kwenye lenta.

Jina likiwa safi, linakuja swali la mji. Wengine husema, "Shamba ni la babu, kaunti inahusika wapi?" Inahusika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya Kisumu ilipanuliwa ikameza vijiji vingi vya pembeni. Ndiyo sababu Manyatta na Nyalenda, ambako watu wana hati zao wenyewe za ardhi ya ukoo, ziko ndani ya jiji. Ila hata nje ya jiji, Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inasema hakuna kugawa bila kibali cha kaunti. Mpangaji aliyesajiliwa huchora ramani ya mgao na kuipeleka ofisi ya mipango. Huko huangaliwa pia na watu wa afya, barabara na upimaji. Kama shamba ni la kilimo na mnataka nyumba, kuna ombi la kubadilisha matumizi, nalo hutangazwa ili majirani wapate kusema. Sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu kibali huhesabiwa kimetolewa, lakini sisi hatuwashauri mtegemee hilo. Msajili wa ardhi anataka karatasi mkononi. Fuatilieni.

Sasa tukae kidogo kwenye barabara, kwa maana hapo ndipo vikundi hugombana. Watu husema ekari moja ni ploti nane za 50 kwa 100. Pigeni hesabu. Ekari ni futi za mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ni 5,000, yaani haifiki hata moja ya nane kamili, ambayo ni 5,445. Mkitoa njia ya futi 30 kukatiza shamba lenye upande wa futi 208, njia hiyo inakula 6,240. Kinachobaki ni 37,320: ploti saba na masalio. Muuzaji mwenye tamaa atawauzia nane au tisa, na njia itakuwa ya mtu mmoja kupita kando. Halafu choo kimejaa, lori la kunyonya haliingii. Kuna msiba, jeneza linabebwa juu ya ua wa jirani. Tena ploti zikibanana, kisima kinakaa karibu na choo, na waliokaa Manyatta na Nyalenda wanajua maji ya visima vifupi yalivyo. Walio karibu na ziwa waangalie pia maji yalifika wapi mwaka 2020, wasinunue pale.

Mambo mengine ni mepesi zaidi. Ardhi ya kilimo lazima ipate ruhusa ya Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kuandikwa. Likichelewa, mkataba unakufa, ingawa pesa mnaweza kuidai kama deni. Mke wa muuzaji awepo siku hiyo. Ulizeni mapema kama sehemu yenu iko chini ya bodi.

Hapo sasa mwiteni seveya mwenye leseni. Ataweka bikoni, atajaza fomu ya mutesheni, ramani itarekebishwa, hati ya zamani itarudishwa na namba mpya zitatoka. Salio la pesa lilipwe namba zikitoka, si kabla.

Maswali ya kujadiliana: Shamba mnalolitaka liko kwa jina la nani, na ni nani kati yenu aliyeona upekuzi kwa macho yake? Njia itapita wapi, na ni ploti ya nani itakayopungua? Ni nani atakayetunza risiti zote?