Mfuko wa Hewa Hautoshi Bila Mkanda

Magari mengi yanayoshuka kutoka Kidia kwenda Moshi mjini yalitumika kwanza Japani, nayo yana mifuko ya hewa ndani ya usukani na dashibodi. Tujifunze inavyofanya kazi.

Gari likigonga kwa nguvu, kihisio hupeleka umeme, gesi huzalishwa na kujaza mfuko kabla hujapepesa jicho, kisha mfuko hunywea. Aliyefunga mkanda hupokelewa salama. Asiyefunga hurushwa mbele na kukutana na mfuko ukiwa bado unafumuka, nao humpiga vibaya.

Tuzingatie haya:

1. Tufunge mkanda kila safari, hata iwe fupi.
2. Dereva akae angalau sentimeta 25 kutoka kwenye usukani.
3. Tusimpakate mtoto kiti cha mbele. Mfuko unaweza kumuua.
4. Mfuko uliokwisha kufumuka haufai tena; ubadilishwe.
5. Taa ya mfuko ikibaki inawaka, tumwone fundi.
6. Mifuko mingi ya Takata iliitwa irudishwe kwa sababu joto na unyevu viliiharibu, ikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Kabla ya kununua gari, tuhakiki namba ya chesisi kwa wakala.

Ndugu wasomaji, tukimwona mama amempakata mtoto mbele, tumwombe kwa upole ahamie nyuma.