Ada Hulipwa Serikalini, si kwa Kishoka

SWALI

Mimi ni mkulima wa mpunga, Ifakara. Msimu uliopita nilimpa mfanyabiashara mmoja magunia 20 kwa mali kauli, akaahidi kunilipa shilingi 1,600,000 akishauza. Hakulipa. Nilimshitaki Mahakama ya Mwanzo nikashindwa, kwa kuwa hatukuandikiana. Hakimu alisema nina siku 30 za kukata rufaa. Kijana wa steshenari aliniandikia sababu za rufaa, akazituma Mahakama ya Wilaya kwa mtandao, nikapata namba ya malipo. Sijalipa, na leo ni siku ya 24. Sasa kuna bwana anayeshinda nje ya mahakama, watu humwita wakili. Anataka nimtumie shilingi 180,000 kwenye simu yake ili "amalize mambo ya ada". Je, kwa kuwa karatasi zimeshafika, si niko salama? Nimpe huyu bwana? Na nikishinda, fedha yangu itarudi?

Mama wa Watoto Wawili, Ifakara

JIBU

Barua yako ilipofika nilikupigia simu siku ile ile, maana siku za rufaa hazingoji gazeti litoke. Hapa narudia niliyokuambia na kuyafafanua, kwa sababu wanaokwama ulipokwama wewe ni wengi.

Nianze na hilo la usalama, kwani ndilo la hatari zaidi. Hauko salama. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua, katika shauri lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992, kwamba tarehe ya kufungua shauri ni ile ada ilipolipwa, si ile nyaraka zilipopokelewa masjala. Tangu nyaraka zianze kutumwa kwa mtandao, wanasheria wamekuwa wakibishana kama kutuma peke yake kunatosha. Waachie wenyewe ubishi huo. Ukilipa ndani ya siku 30, hakuna wa kukuwekea pingamizi la muda. Na kumbuka kwamba siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, si tangu siku uliyopata nakala ya hukumu.

Sasa huyo bwana. Usimpe hata senti. Namba ya malipo ya Serikali, ile mnayoiita kontrol namba, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Unailipia mwenyewe benki, kwa wakala au kwa simu yako, kupitia menyu ya malipo ya Serikali. Kiasi unachodaiwa kimeandikwa kwenye ankara yako. Kilinganishe na hizo 180,000 uone mwenyewe tofauti inakwenda mfukoni mwa nani. Namba hiyo ina mwisho wa matumizi, kwa hiyo ukikuta imeisha muda, nenda masjala uombe nyingine siku hiyo hiyo. Ukishalipa, tunza ujumbe wa muamala, uchukue risiti ya Serikali, na uhakikishe masjala kwamba rufaa yako imepewa namba.

Fedha iliyoingia kwenye simu ya mtu si ada, hata kama mwenye simu anafanya kazi ndani ya jengo la mahakama. Kishoka, yaani mtu wa kati asiye rasmi, akila fedha yako, mahakama haitakuwa na kumbukumbu kwamba uliwahi kulipa, na siku zako zitakuwa zimekwisha. Kama kweli ni wakili, jina lake litaonekana katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Akikuambia sehemu ya fedha ni ya karani au ya hakimu, hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU namba 113, haina gharama.

Pengine hujalipa kwa sababu huna. Kama ni hivyo, sema mapema, na useme kwa maandishi. Andika barua kwa mahakama ukiomba kusamehewa ada, ueleze kipato chako na wanaokutegemea, na uambatanishe barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Tafuta pia watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure, nao wanajua barua ya namna hiyo inavyoandikwa.

Kosa la wengi ni kunyamaza mpaka siku zipite, kisha kuomba kuongezewa muda kwa hoja ya umaskini. Mahakama hutaka ueleze kila siku uliyochelewa, na kwa kawaida kukosa fedha hakuhesabiwi kuwa sababu ya kutosha. Mahakama ya Rufani iliwahi kumwonea huruma mjane aliyekuwa akitegemea msaada wa kisheria, lakini ilisema wazi kwamba ni kwa mazingira ya shauri lile. Usiweke tumaini lako hapo.

Kuhusu fedha kurudi: mahakama hairudishi ada. Kinachotokea ni kwamba aliyeshindwa kwa kawaida huamriwa kumlipa aliyeshinda gharama za kesi, na ada uliyolipa ni mojawapo. Utazidai kwa risiti. Fedha ya kishoka haina risiti, hivyo hata ukishinda, hiyo imekwenda. Jua pia kwamba upande wa pili unaweza kupewa gharama dhidi yako ukishindwa tena, na kwamba ukishinda na mdaiwa akakaidi, kukaza hukumu kwa kumtumia dalali wa mahakama kuna gharama zake, ingawa mwisho humwangukia mdaiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, pima rufaa yenyewe. Kutoandikiana peke yake hakuui deni. Mkataba wa mdomo unatambulika kisheria, hasa mnunuzi akiwa amekwisha kuupokea mzigo. Lakini rufaa si kesi mpya. Mahakama ya Wilaya itasoma zaidi yale yaliyosemwa Mahakama ya Mwanzo. Je, waliopakia magunia walitoa ushahidi? Dereva je? Kama walisema na hakimu akawapuuza, una hoja nzuri. Kama hawakuitwa kabisa, muulize mtoa msaada wa kisheria kabla hujatoa fedha.

Wasomaji wengine mjue kwamba si kila mlango una ada. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi hafungui mgogoro kwa kulipia. Anajaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, bure. Migogoro ya ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ada ipo, nayo hulipwa kwa namba ya malipo kama mahakamani. Dhamana nayo si kitu cha kununua. Ukiambiwa utoe fedha ili ndugu yako atoke rumande, omba risiti, na usipopewa, piga hiyo 113.

Kwako mwanangu: kama una hoja, lipa leo kwa namba yako mwenyewe. Kama huna fedha, barua ya kuomba msamaha wa ada ifike masjala kabla ya siku ya 30, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na usiondoke pale bila hiyo nakala mkononi.