Wanyama ni wenu, anayelipa ni binti wa kazi

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga. Nina paka dume niliyemchukua akiwa mdogo aniondolee panya. Panya wamepungua, ila sasa shida ni yeye. Anapanda mezani, anafunua sufuria, amechana makochi, anakojolea mapazia. Usiku ndiyo balaa: anakwenda kwenye banda la sungura wa mwanangu wa mwisho, ana miaka 13, na kwenye nyumba ya njiwa wa mume wangu. Mwezi uliopita wameliwa watoto watatu wa sungura na makinda mawili ya njiwa. Nimempiga kwa fagio, nimemmwagia maji, nimekwenda kumtupa soko la Mgandini, akarudi. Mume wangu anasema atamtegea sumu. Kufunga mabanda ni kazi ya binti wa kazi, na nilimwambia kila mnyama akiliwa nakata Sh5,000 kwenye Sh80,000 zake. Hata hilo halijasaidia, maana mara ya mwisho mlango ulikuwa umefungwa na bado mtoto wa sungura hakuonekana. Nifanye nini paka huyu ashike adabu?*

*Mama M., Tanga*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu na nimeipunguza sana, lakini sentensi ya mwisho kabla ya swali lako nimeiacha kama ulivyoiandika. Naomba uirudie kuisoma, taratibu.

Mlango ulikuwa umefungwa. Binti alifanya ulichomwagiza. Asubuhi mtoto wa sungura hakuonekana, nawe ukamkata Sh5,000. Za nini? Wanyama watano kwa Sh5,000 ni Sh25,000, na hakuna mahali popote katika barua yako uliposema kwamba ile ya mwisho ulimsamehe. Umeitaja adhabu hiyo baada ya fagio, maji, soko na sumu, katika orodha moja, kana kwamba mshahara wa mtu ni dawa nyingine ya kujaribu kwa paka. Halafu unashangaa haijafanya kazi.

Paka ni wako. Sungura ni wa mwanao. Njiwa ni wa mume wako. Binti wa kazi hamiliki mnyama hata mmoja katika nyumba yenu, na ndiye peke yake aliyelipa hasara ya wote. Hilo ndilo tatizo la nyumba yako, mwanangu, na lingekuwepo hata kama paka huyu asingezaliwa.

Katika sehemu niliyoikata ulinieleza mwenyewe jioni zenu zinavyokwenda, na sidhani kama ulijua unaniambia nini. Magharibi binti anakaanga samaki, anachemsha maji ya kuoga, anapiga pasi sare za shule, na chumvi ikiisha anakimbilia dukani. Wakati huohuo mwenye sungura yuko sebuleni na simu, na mwenye njiwa, nakunukuu, "hapendi kusumbuliwa akitoka kazini". Kwa hiyo saa ileile ambayo mabanda yanatakiwa kufungwa, mwenye kazi nyingi kuliko wote ameongezewa nyingine, na wenye mali wamekaa. Mtoto wa miaka 13 hawezi kusukuma komeo? Anaweza. Hajaambiwa.

Nitasema jambo ninaloliamini kwa moyo wangu wote, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanalijua. Mtoto hujifunza habari za haki nyumbani, kwa kuangalia hasara ya mwenye nacho inabebwa na nani. Mwanao amepoteza sungura watatu kwa banda ambalo yeye mwenyewe hakulifunga wala kulikagua. Ameona mama amekasirika, ameona mtu mwingine amekatwa pesa, na mambo yakaisha. Yeye hakupoteza hata dakika kumi za simu yake. Huyo miaka ishirini ijayo atakuwa na duka au ofisi, fedha zitapotea kwenye droo aliyoiacha wazi mwenyewe, na ataanza kumtafuta aliye chini yake wa kumkata. Hatajiona mwovu. Ataona ndivyo mambo yanavyokwenda, kwa sababu ndivyo alivyoyakuta kwenu. Mfundishe sasa, angali ana miaka 13 na hasara yenyewe ni ya sungura.

Na sheria nayo inasema. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kuwa amekasirika. Ukitaka kufidiwa hasara, mfanyakazi akubali kwa maandishi, kosa liwe lake kweli, umwandikie chanzo cha hasara na hesabu yake, na umpe nafasi ya kuipinga. Hata yote hayo yakitimia, makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya Sh80,000 ni Sh20,000. Wewe umekata Sh25,000, kwa neno la mdomo, kwa kosa ambalo angalau mara moja hakulifanya. Anayefanya kazi nyumbani ni mfanyakazi kama wa kiwandani. Na mafundisho ya dini juu ya ujira na jasho la mfanyakazi unayajua, sina haja ya kukukumbusha.

Haya, sasa paka.

Nani alimwona akila? Ushahidi wako, katika sehemu niliyoikata, ni kwamba asubuhi alikutwa amelala juu ya bati la banda. Inawezekana kabisa ni yeye. Lakini panya nao hula watoto wa sungura na makinda ya njiwa, na umesema wamepungua, hukusema wamekwisha. Mtoto wa sungura huzaliwa hana manyoya, macho yamefumba, na hufumbua macho kwenye siku ya kumi hivi. Mama yake akitishwa usiku anaweza kuwakanyaga au kuwaacha. Kwa hiyo paka anaweza kusababisha kifo bila kumgusa sungura yeyote, kwa kuzunguka tu hapo nje.

Kama ni yeye, mlango haukuwa njia yake. Katika sehemu niliyoikata umesema banda limezungushiwa waya wa kuku, ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita. Waya huo unamzuia kuku asitoke. Haumzuii paka kuingiza mkono. Sungura wadogo hulala wamejibana ukutani, paka anapenyeza mguu wa mbele, anakunjua kucha, anavuta. Binti angeweza kufunga mlango huo kwa kufuli saba na bado asubuhi ungemkata. Nunua waya mgumu wa matundu ya mraba ya nusu inchi, uupigilie kwa nje ya fremu, na ndani uweke sanduku la mbao la kuzalia lenye kuta zisizo na tundu, mama sungura aingie na wanawe. Banda liinuliwe kutoka chini, na liwe na komeo la chuma badala ya kamba. Nyumba ya njiwa ikiwa juu ya nguzo, izungushieni nguzo hiyo bati laini, upana wa mkono mzima, kucha ziteleze asipate pa kushika. Kateni pia tawi lolote, na ondoeni kitu chochote anachoweza kuruka kutokea juu yake. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, na mwenye njiwa ndiye ashike nyundo.

Anakojolea mapazia kwa sababu ni dume asiyehasiwa, anaweka alama kwamba hapa ni pake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo amhasi, na umchanje kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, kwani paka naye hupata ugonjwa huo na huwaambukiza watu. Akihasiwa atapunguza pia kuzurura na kupigana. Makochi anachana kwa kuwa kucha zinahitaji pa kunolea. Chukua gogo, lizungushie kamba ya katani, uliweke palepale penye kochi analolipenda. Tanga hii kamba ya katani haiwezi kukushinda kupata. Sufuria zifunikwe na mezani pasibaki chakula. Kuna watakaokuambia utawanye vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Usithubutu, ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayetambaa.

Mlishe. Uliandika, kwa fahari kidogo, kwamba humpi chakula cha maana ili asiwe mvivu wa kuwinda. Mwanangu, umemfundisha kuwinda kwa miaka yote hii na sasa unamwadhibu kwa kuhitimu. Paka ni mla nyama, ukoko wa ugali na mchuzi haumtoshi. Mpe dagaa, utumbo wa kuku uliochemshwa, vichwa vya samaki, kila siku kwa saa zilezile. Hataacha kuwinda kabisa, maana paka huwinda hata akishiba, lakini atapunguza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kwa siku wakapunguza kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha tofauti ya maana. Kumchezesha kwa kamba yenye unyoya ni kazi nzuri kwa mtoto wa miaka 13. Na kwa kuwa paka huchangamka zaidi giza linapoingia na alfajiri, mpe chakula chake kikubwa magharibi ndani ya nyumba, mfungie ndani na beseni la mchanga, umfungulie kukipambazuka.

Fagio liache. Paka ukimpiga asubuhi kwa alichofanya usiku, haelewi hata kidogo. Anachojifunza ni kukuogopa wewe na kungoja uondoke. Kumtupa sokoni ni kumhamishia mtu mwingine mzigo wako, na bado alirudi.

Ama sumu, hapana. Mwambie mume wako nimesema hapana, kwa jina langu. Sumu haichagui. Watoto wanacheza uani, kuku wa jirani wanadonoa, na samaki aliyetiwa sumu anaweza kubebwa na mnyama mwingine hadi mlangoni kwa mtu. Paka anayekufa kwa sumu hufa kwa mateso ya saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Na paka akishaondoka, wale panya aliokuwa anawapunguza watarudi, na watakwenda moja kwa moja kwenye makinda.

Nimekusema sana, na sasa nataka kusema nawe kwa upole, kwa sababu nadhani naona ulipobanwa. Kumwambia mumeo "njiwa wako, kawafunge" ni neno gumu katika nyumba ambayo baba hapendi kusumbuliwa. Kumwambia mwanao wa mwisho aache simu ni kuanzisha kelele wakati umechoka. Kumkata binti ni rahisi, hana wa kumlalamikia, na kwao ni mbali. Wanawake wengi wamenyamaza kwa waume zao kisha wakapandisha sauti kwa wasichana wa kazi, na wengi si watu wabaya. Wanamtafuta mtu mmoja humo ndani asiyeweza kuwajibu. Lakini wewe unajua uchungu wa kutosikilizwa katika nyumba unayoitunza kuanzia alfajiri. Ndiyo maana nakuomba usimwonjeshe mwingine.

Zungumza na baba watoto, mkiwa wawili, akishakula na kupumzika. Usianze na lawama. Anza na ukweli kwamba mlango ulifungwa na sungura akapotea hata hivyo, kwa hiyo waya ndio mbovu na unahitaji mikono yake. Mwanaume anayefuga njiwa kwa mapenzi hatakataa kuwajengea. Akikataa, basi njiwa hao wapewe mtu atakayewafunga, na umwambie hivyo bila kupaza sauti. Mwanao mwambie kuanzia leo sungura wasipofungwa na yeye, hawana wa kuwafunga, na ufagiaji wa banda ni wake pia. Binti amalize samaki wake kwa utulivu.

Kabla ya yote hayo, mrudishie Sh25,000. Usizichanganye na mshahara wa mwezi huu, asije akadhani ni fadhila. Mpe mkononi, mwanao akiwa anaona, umwambie ulimkata bila haki na haitatokea tena. Fanya hivyo leo jioni, na waya ununuliwe Jumamosi hii.