Kabla Wanafunzi wa Wamunyu Hawajaandika Kitabu Chao

Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi Ukambani na ufundi wa kuchonga vinyago vya kuuza. Hapo wasimulizi wanakubaliana. Aliyemfundisha je? Wengine husema Wamakonde, wengine Wazaramo. Mwalimu anayetaka wanafunzi waandike kitabu kuhusu uchongaji wa kwao atakutana na fundo hili kwenye ukurasa wa kwanza. Heri akutane nalo mapema, maana ndilo litakalomwonyesha kama timu zake zinaandika au zinanakili.

Mimi huanza na swali la namna hiyo kabla sijagusa ratiba. Timu mbili hupewa jambo moja lenye utata, kila moja na wazee wake wa kuhoji na maandishi yake ya kusoma, kisha huketi pamoja waandike aya moja tu. Hiyo aya yaweza kula alasiri nzima. Mmoja atashikilia kwamba babu yake kasema ni Wamakonde na babu hadanganyi. Mwenzake atauliza babu mwenyewe aliyasikia kwa nani. Wakitoka na sentensi inayotaja masimulizi yote mawili na kueleza kila moja limetoka wapi, wako tayari kwa kitabu. Wakitoka na sentensi isiyosema lolote, wanahitaji zoezi lingine.

Mgawanyo wa kazi ndipo miradi mingi huharibikia. Mwalimu huipa timu hii sura ya kwanza, ile sura ya pili, na mwisho wa muhula anapokea rundo la insha zilizobanwa pamoja: sura ya tatu inarudia ya kwanza, na mti uleule una majina mawili. Karakana za Wamunyu zina utaratibu bora zaidi. Kinyago mara nyingi hupita mikono kadhaa: mmoja anakata gogo, mwingine analitoa umbo kwa tezo, na huyu huenda ni fundi wa twiga au swala asiyehangaika na mnyama mwingine, halafu wapo wa kupiga msasa na wa kung'arisha kwa kiwi. Sura nayo ipite hivyohivyo. Timu ya kwanza inakusanya habari, ya pili inaandika, ya tatu inahakiki kila jina na kila mwaka, ya nne inanyoosha lugha na kupanga picha. Sura inayofuata, majukumu yanahama, ili asipatikane mwanafunzi aliyepiga msasa tu mwaka mzima.

Kila timu iwe na karatasi moja ya istilahi, ileile kwa wote, ukutani. Kazi yenyewe inachosha, lakini mhariri ataishukuru.

Sura itakayowapa raha ni ya miti. Kwa miaka mingi wachongaji wa Kenya walitegemea mpingo na muhugu, miti migumu inayokua polepole mno, na misitu ikapungua. Miaka ya 1990 wahifadhi walianza kuwahimiza wachongaji wageukie miti inayokua haraka, kama mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Ndani ya habari hiyo moja mna biolojia, jiografia na biashara. Mna hisabati pia: timu ichukue vipande viwili vya ukubwa mmoja, mpingo na mwarobaini, ivipime kwa mizani kisha ivitie ndooni. Cha mpingo kitazama, cha mwarobaini kitaelea. Jedwali la vipimo walivyochukua wenyewe lina thamani kuliko kurasa kadhaa zilizochotwa kwenye intaneti, na mwanafunzi wa mwaka ujao anaweza kulirudia akaona kama walipatia.

Ratiba nayo ina mvua zake. Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli, kwa hiyo kuanzia Oktoba wazee wengi wako shambani, na muhula wa tatu mfupi umejaa mitihani. Mahojiano yamalizwe mwanzoni mwa mwaka, uandishi uchukue muhula wa pili, wa tatu ubaki na uhariri mwepesi.

Kuna watakaouliza kama wanafunzi wanaweza kweli kuandika kitabu cha kiada. Huko Afrika Kusini, Mark Horner na wenzake waliokuwa wakisoma fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town walianzisha mwaka 2002 mradi wa vitabu huria vya sayansi kwa shule za sekondari, wakisaidiwa na watu wa kujitolea. Ukazaa shirika la Siyavula, na baada ya miaka kama 10 serikali ikawa inavichapisha vitabu hivyo na kuvipeleka shuleni. Kweli, wale walikuwa wa chuo kikuu. Kwa Kenya, kitabu cha kiada lazima kiidhinishwe na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, kwa hiyo cha wanafunzi wa Wamunyu kitajwe waziwazi kuwa cha ziada. Hilo halikipunguzii kitu. Linawapa uhuru wa kuandika kuhusu karakana ya jirani.

Ruhusa zitafutwe kabla ya picha kupigwa. Wanafunzi walio chini ya miaka 18 wanahitaji idhini ya mzazi au mlezi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi ya jamii. Fundi anayeonyesha mbinu zake aulizwe nini kichapishwe na nini kibaki karakanani. Akisema hapana, sura iandikwe bila kitu hicho. Leseni huria ya Creative Commons ni chaguo zuri kwa kitabu cha shule, ila kila mwandishi na mzazi wake wakubali kwanza, kwani leseni hiyo ikishatolewa haifutwi.

Rasimu ikikamilika, zichapwe nakala chache zenye pambizo pana na zipelekwe karakanani pamoja na penseli. Asiyependa kusoma asomewe na mwanafunzi. Fundi ataanza na michoro: tezo limeshikwa vibaya, au msasa umewekwa kabla ya hatua yake. Timu ya uhakiki iandike kila sahihisho na jina la aliyelitoa, akiridhia, kisha sura irudi kwa waandishi.