Bomba Likikauka Hunyonya



Juzi darasani mama mmoja alinyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, sisi tuna bomba uani. Maji yanatoka mlimani. Mbona mjukuu wangu anaharisha kila mara?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja akadakia: "Mama, maji ya bomba hayana shida. Shida iko kwa wale wanaochota mfongoni. Ya bomba ni meupe, baridi, tena matamu. Yatakuwa na nini?"

Wenzake wakaitikia. Nikaona afadhali siku ile tuache hesabu, tusome maji. Somo lenyewe ni hili.

Kwanza, mzee yule hakukosea yote. Maji yetu yanaanza yakiwa mazuri. Watu wengi hudhani ni theluji ya Kibo inayoyeyuka. Siyo. Theluji ni kidogo, na inazidi kupungua. Sehemu kubwa ya maji yetu ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima. Mvua hiyo inazama ardhini, inapita polepole katika mawe ya volkano, inachujwa, halafu inatokeza huku chini kama chemchemi. Mji wa Moshi unapata maji kutoka chemchemi kama Nsere na Shiri, na pia visima virefu. Vijijini tuna mabomba ya mserereko. Maji yanateremka yenyewe kutoka juu, hayahitaji mashine.

Kwa hiyo chemchemi haina neno, ikiwa imejengewa vizuri na ng'ombe hawafiki. Lakini mjukuu wa yule mama hanywi chemchemini. Anakunywa kwenye kikombe. Kati ya chemchemi na kikombe kuna njia ndefu, na uchafu huingilia njiani.

Sasa hili la "meupe na matamu". Nitawapa kisa cha kweli.

Mwaka 1854, mjini London, Uingereza, kulikuwa na pampu ya maji katika mtaa wa Broad Street. Watu waliyasifu maji yake. Mama mmoja mjane alikuwa amehamia mbali na mtaa ule, lakini aliyapenda mno hata akawa anapelekewa kwa gari la farasi. Mwezi wa Agosti kipindupindu kikaingia. Watu wapatao 600 walikufa katika mitaa ile. Na yule mjane, huko mbali alikokuwa, akafa pia. Majirani zake wapya hawakuugua.

Daktari mmoja, John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: mnachota wapi? Jibu likawa pampu ile ile. Mwezi wa Septemba wakubwa wa mtaa wakakubali kung'oa mpini wa pampu. Kusema kweli, ugonjwa ulikwisha anza kupungua, lakini Snow alikuwa amepata ukweli. Baadaye ilijulikana kwamba karibu na kisima kulikuwa na shimo la choo lililopasuka. Humo yalimwagwa maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mgonjwa. Ulimi wa yule mjane haukuonja choo. Ulionja maji matamu.

Vijidudu ni vidogo mno. Jicho haliwezi kuviona na ulimi hauwezi kuvionja. Na siyo mambo ya Ulaya ya zamani tu. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, mji wenye mabomba, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Mzee wangu akauliza, na ni haki yake kuuliza: "Sawa, lakini bomba ni chuma au plastiki, tena limefukiwa. Uchafu utapitaje?"

Hapo ndipo penye somo. Hebu someni polepole.

Bomba likiwa limejaa maji, maji husukuma kwenda nje. Likiwa na tundu, maji hutoka. Mnayaona yakiruka njiani, watoto wanaoga hapo. Ni hasara, lakini uchafu hauingii, kwa sababu maji yanausukuma.

Sasa maji yakatike. Huku kwetu tunaishi kwenye mteremko. Valvu ikifungwa juu, watu wa chini bado wanafungua koki zao. Maji yaliyobaki bombani yanateremka kwao. Yakiteremka yanavuta kilicho nyuma yake. Mmewahi kumwona fundi wa magari akihamisha petroli? Anatia mpira ndani ya tangi, ananyonya kidogo, kisha anashusha ncha ya pili chini. Petroli yenyewe inapanda mpira na kumwagika. Hakuna anayeisukuma, inavutwa. Basi na bomba la mteremko liko hivyo hivyo. Bomba lililojaa husukuma, bomba linalokauka hunyonya.

Litanyonya nini? Chochote kilicho karibu na tundu. Kama pale penye tundu pana dimbwi, litanyonya dimbwi. Kama bomba limepita karibu na choo cha shimo, mnajua wenyewe. Maji yakirudi, yanasukuma uchafu ule wote hadi kwenye ndoo ya mtu.

Nami nina la kukiri hapa. Nafuga ng'ombe wawili wa ndani, kama wengi wenu kihambani. Kila asubuhi nilikuwa nafunga mpira kwenye koki, ncha ya pili naitumbukiza kwenye pipa la ng'ombe. Pipa likichelewa kujaa, nauacha mpira humo humo naenda kazini. Koki wazi! Siku moja nikarudi nikakuta pipa limepungua kuliko nilivyoliacha. Nikadhani ng'ombe wamekunywa. Nikalijaza tena.

Ilinichukua siku kadhaa kufahamu. Maji yalikuwa yamekatika, bomba likanyonya, na maji ya pipa, yaliyochanganyika na mate ya ng'ombe na mavi ya kwato zao, yakapanda mpira yakaingia bombani. Jirani yangu wa chini anatumia laini hiyo hiyo. Juma lile mtoto wake alilazwa kwa kuharisha. Siwezi kuapa kwamba ni mpira wangu. Mtoto huweza kuugua kwa njia nyingi. Lakini siwezi kuapa vilevile kwamba siyo. Nilikwenda nikamweleza jirani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi wangu uko kwenye karai la nguo."

Tangu siku ile mpira wangu hauingii majini. Unaning'inia juu ya pipa, kuna nafasi ya kiganja kizima kati ya ncha yake na maji. Nikimaliza nafunga koki na kuuondoa. Haina gharama hata senti.

Na maji yakirudi baada ya kukatika, msichote ya kwanza kwa kunywa. Yaacheni yatoke mpaka yawe meupe. Yale ya kwanza siyo ya kumwaga bure, yapelekeni kwenye migomba. Mgomba haujali.

Wengine hunilalamikia kwamba maji ya mjini yananuka dawa. Dawa hiyo ni klorini. Inatiwa kuua vijidudu, na nyingine huachwa makusudi ibaki ndani ya maji ili iyalinde njiani. Kwa hiyo harufu kidogo ya dawa kwenye koki yako ni habari njema, maana mlinzi amefika naye. Lakini mlinzi huyo hana nguvu mbele ya uchafu mwingi, na ukiyaacha maji wazi usiku kucha anatoweka. Mabomba mengi ya vijijini hayatiwi dawa kila siku. Basi tuchemshe.

Hapa nataka kusahihisha jambo ambalo nami nimelifundisha vibaya. Wengi wetu tuliambiwa: chemsha dakika kumi, hata ishirini. Mama mwenye kuni mbili akisikia hivyo anakata tamaa, anaacha kuchemsha kabisa. Si lazima. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, hesabu dakika moja, epua. Walio juu sana mlimani, kupita mita 2,000, wahesabu dakika tatu. Huku kwetu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Moshi mjini ni kama nyuzi 97, na Marangu ni chini ya hapo. Msiogope. Vijidudu vya kuharisha hufa hata kabla ya nyuzi hizo.

Kama kuni hakuna, tumieni dawa ya maji ya dukani, na mfuate kipimo cha kwenye karatasi yake. Maji yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi. Iko pia njia ya jua: chupa nyeupe ya plastiki, maji maangavu, ilazwe juani saa sita. Siku ya mawingu iachwe siku mbili. Lakini mwezi wa Juni na Julai, mlima unapojifunika hivi, mimi singeitegemea njia hii.

Halafu maji yaliyochemshwa yanawekwa wapi? Nimeona nyumba nyingi wanachemsha vizuri, kisha wanamimina kwenye ndoo wazi, na kila mtoto anatumbukiza kikombe na vidole vyake. Tumieni dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye kifuniko na koki. Ikiwa ni ndoo ya kuchota, iwe na kata yenye mkono mrefu, moja, isiyofanya kazi nyingine. Dumu likianza kuteleza ndani, tieni kokoto na maji kidogo na sabuni, tikiseni kwa nguvu, suuzeni.

Liko adui jingine ambalo moto hauliwezi. Ni floraidi. Hii siyo kijidudu, ni madini yanayoyeyuka ndani ya maji kutoka kwenye mawe ya volkano. Chemchemi zetu nyingi za juu zina kidogo tu. Lakini ukishuka tambarare, na ukielekea upande wa Meru, inazidi. Mto wa Maji ya Chai kule Arumeru unajulikana kwa hilo. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yakiwa bado yanajengeka ufizini, huota meno ya kahawia. Ikizidi sana hudhuru mifupa. Mwaka 2013 watafiti waliandika habari za watoto wenye miguu iliyopinda kusini-magharibi mwa Wilaya ya Hai. Kipimo kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, isizidi.

Ukichemsha maji yenye floraidi, mvuke unatoka, floraidi inabaki, na maji yamepungua. Maana yake umeiongeza nguvu! Walio huko wakinge maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo, au watumie chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo ya chujio kwa miaka mingi. Tena wapunguze magadi kwenye maharage na makande, kwa sababu baadhi ya magadi yana floraidi nyingi. Jambo hili huwashangaza akina mama kuliko yote.

Sasa turudi kwa yule mjukuu. Nilimwambia bibi yake: akiharisha, usimnyime maji. Mpe ya chumvi ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Kama pakiti hakuna, lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Aendelee kunyonya na kula. Kama macho yameingia ndani, au kuna damu, au hawezi kunywa, usingoje kesho. Zahanati.

Akaniuliza tena, "Na bomba letu je?" Nikamwambia twende tukalitazame. Tulikwenda darasa zima. Tulikuta maungio matatu yanavuja, na moja lilikuwa ndani ya dimbwi la bata.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tembeeni kufuata bomba lenu kutoka tangi mpaka nyumba ya mwisho. Andikeni: panavuja wapi, na karibu na pale pana nini?

2. Ni nyumba ngapi zenye mpira uliotumbukizwa kwenye pipa, hori au karai? Hesabuni na ya mwalimu wenu.

3. Miradi ya vijijini iko chini ya RUWASA tangu mwaka 2019, na ya mjini Moshi iko chini ya MUWSA. Andikeni barua fupi kwa wanaoendesha mradi wenu. Waulizeni: maji yetu yalipimwa lini? Vijidudu vilionekana? Floraidi ni miligramu ngapi? Dawa hutiwa lini na nani? Barua iandikwe na mwanafunzi, siyo mwalimu, na jibu likija lisomwe kwa sauti mbele ya wote.