Ni Nani Aliyeyabeba Mawe?

(Somo kwa waalimu wa kipaimara na wazee wa kanisa. Soma kwanza 1 Wafalme 5:13–18 na Marko 13:1–2.)

Katika chumba tunachofundishia watoto wa kipaimara imetundikwa kalenda ya zamani iliyotoka Ujerumani. Mwaka wake umekwisha kupita, lakini hatukuiondoa ukutani kwa ajili ya picha yake, nayo ni picha ya kanisa la mji wa Ulm. Mnara wake wapanda juu kama mkuki, na nyumba za mji zilizo chini yake zaonekana kama vibanda vya kuku. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za Matengenezo ya Kanisa, tukaona kijana mmoja hatusikilizi; macho yake yote yalikuwa juu ya picha ile. Tukamwuliza awaza nini. Akasema, “Baba Mchungaji, hii haikujengwa na watu.” Wa pili akadakia ya kuwa ni kazi ya Wanefili wanaotajwa katika Mwanzo 6. Wa tatu akasema hapana, ni Wazungu, maana Mungu aliwaumba wakiwa wamekwisha kujua kujenga, na sisi akatupa ng’ombe. Watoto wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini usiku ule hatukupata usingizi mwema, kwa kuwa tulitambua ya kuwa yule wa tatu hakusema kwa mzaha.

Basi tumeandika somo hili ili mwalimu akiulizwa kama tulivyoulizwa sisi, awe na jibu.

Kustaajabu si kosa. Hata mwanafunzi wa Bwana alistaajabia mawe ya hekalu. Sisi wenyewe, tulipofika Dar es Salaam mara ya kwanza tukiwa vijana, tulisimama mbele ya kanisa la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani tangu 1898 hata 1902, tukatazama juu mpaka shingo ikauma. Na kanisa lile ni dogo mno likilinganishwa na ya kwao. Lakini mtu akistaajabu bila kuuliza, hutunga hadithi.

Nao Wazungu walizitunga. Warumi walipoondoka katika kisiwa cha Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, waliacha nyuma yao kuta za mawe na nyumba za kuogea. Watu waliokuja baadaye walijenga kwa miti na udongo na majani, kama babu zetu. Walipozitazama kuta zile zilizobomoka, hawakuweza kufahamu jinsi binadamu alivyoziweka, wakasema ni kazi ya majitu. Ona jambo hili! Watu wale wa miti na majani ndio mababu wa hao tunaodhani walizaliwa wakishika mwiko wa mwashi.

Hata jina la majengo yale lilitokana na kosa. Makanisa marefu yenye matao ya ncha huitwa ya Kigothi. Jina hilo lilienezwa na wataalamu wa Italia wa karne ya 16, nao walilitumia kwa dharau, wakidhani ujenzi ule ulitoka kwa Wagothi, kabila la washenzi waliouharibu mji wa Roma. Lakini Wagothi hawakujenga hata kanisa moja la namna hiyo. Ujenzi huo ulionekana kwanza karibu na Paris, katika kanisa la Saint-Denis, ambalo abati wake Suger alilitengeneza upya upande wa madhabahu tangu 1140 hata 1144. Na tao lenyewe lenye ncha lilikuwako katika nchi za Waislamu tangu zamani: msikiti wa Ibn Tulun huko Cairo, uliomalizika mwaka 879, unayo matao hayo. Christopher Wren, fundi mkuu aliyejenga kanisa la Paulo Mtakatifu huko London, aliona ya kuwa Wazungu walijifunza ujenzi ule kwa Waarabu. Wataalamu hawakubali yote aliyosema, lakini yatosha kutuonyesha ya kuwa elimu ya kujenga haikushuka mahali pamoja. Ilisafiri, kama mbegu ya mtama.

Sasa turudi Ulm. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1377. Si askofu aliyejenga wala mfalme. Ni wenyeji wa mji, kwa fedha zao wenyewe, maana walitaka kanisa la usharika lililo ndani ya kuta za mji wao. Mwaka 1392 walimwita fundi Ulrich kutoka Ensingen, naye akapanga mnara mkubwa. Mwaka 1530 wenyeji wakapiga kura, wakaifuata imani ya Matengenezo, na kanisa likawa la Kilutheri hata leo. Mwaka 1543 fedha na nguvu zikapungua, kazi ikasimama, na mnara ulikuwa umefika karibu meta 100 tu. Ukakaa hivyo miaka 300. Mwaka 1844 wakaanza tena, na mwaka 1890 wakaumaliza, urefu wake meta 161 na nusu. Tangu mwaka huo hata 2025 hapakuwa na kanisa refu kuliko hilo duniani, mpaka lilipopitwa na Sagrada Família la Barcelona, ambalo lenyewe lilianza kujengwa 1882. Hesabu basi: tangu 1377 hata 1890 ni miaka 513. Aliyeweka jiwe la kwanza hakuliona la mwisho, wala mjukuu wake, wala mjukuu wa mjukuu wake.

Walifanyaje? Walikata mawe kwa patasi na nyundo. Katika makanisa mengi ya Ulaya kila mwashi alichora alama yake ndogo juu ya jiwe alilolichonga, ili ahesabiwe ujira wake. Na alama hizo zaonekana hata leo. Mawe yaliinuliwa kwa gurudumu kubwa la mti, watu wakitembea ndani yake kama panya katika mtego, na kamba ikijizungusha. Paa la mawe ni zito, nalo lasukuma kuta zitoke nje. Kila mtu wa kwetu aliyeona ghala la mtama likiinama ajua dawa yake: huegemezwa mti kwa nje. Nao walifanya vivyo hivyo, ila miti yao ilikuwa matao ya mawe. Tulipolieleza jambo hili kwa watoto, kijana yule wa kwanza alisema, “Kumbe ni mhimili tu!” Ndiyo, ni mhimili.

Tena walikosea, na majitu hayakosei. Huko Beauvais katika Ufaransa walitaka kanisa lipitalo mengine yote, wakainua paa la mawe hata meta 48. Mwaka 1284 sehemu yake ikaanguka. Wakalitengeneza, kisha wakajenga mnara mrefu mno, nao ukaanguka mwaka 1573. Kanisa lile halikumalizwa mpaka leo.

Na huko Köln, ambako kazi ilianza 1248 chini ya fundi Gerhard, watu walisimulia ya kuwa fundi huyo alishindana na Shetani, akashindwa, akajitupa chini kutoka juu ya jengo. Habari iliyo kweli ni nzuri kuliko hadithi. Katika karne ya 16 kazi ilisimama, na mtambo wa mti wa kuinulia mawe ukabaki juu ya mnara wa kusini. Ulikaa huko miaka karibu 400, watu wakizaliwa na kuzikwa chini yake. Mchoro wa zamani wa sehemu ya mbele, uliochorwa juu ya ngozi, ulikuwa umepotea. Kisha nusu yake ikaonekana Darmstadt mwaka 1814, na nusu ya pili Paris mwaka 1816. Wakaziunganisha, wakaanza tena mwaka 1842, wakaifuata mistari ya watu waliokufa miaka 500 na zaidi kabla yao, wakamaliza 1880. Shetani hahitaji mchoro. Watu ndio wauhitajio.

Lakini mwalimu asiishie katika kusifu. Tulipokuwa chuoni tulikariri miaka ya majengo, wala hatukuuliza ni mgongo wa nani uliobeba. Biblia haifichi neno hili. Sulemani alitoza shokoa watu 30,000. Walikuwako wachukuzi 70,000 na wachongaji 80,000 milimani. Na katika sura ya 12 twasoma jinsi watu walivyolilia nira ile, hata ufalme ukapasuka. Kanisa jipya la Petro Mtakatifu huko Roma lilianza 1506. Mwaka 1515 Papa Leo wa 10 akaagiza vyeti vya msamaha viuzwe katika sehemu za Ujerumani, ili fedha zisaidie kulijenga. Mwaka 1517 Luther, katika hoja ya 86, akauliza mbona Papa aliye tajiri hajengi kwa mali yake mwenyewe, bali kwa fedha za waamini maskini. Na katika hoja ya 50 alisema ni heri jengo lile liwe majivu kuliko kujengwa kwa miili ya kondoo. Sisi tuitwao Walutheri, basi, tulianza kwa swali juu ya gharama ya jengo zuri. Twalisahau jambo hilo upesi.

Na hapa kwetu? Wenyeji wa Serengeti wajua boma la Ikoma, karibu na lango la Hifadhi, ambalo Wajerumani (wazee wetu waliwaita Wadachi) walilijenga kwa mawe juu ya kilima kabla ya vita ya 1914. Watoto huambiwa, “Wadachi walijenga.” Wadachi waliamuru. Tangu 1898 ilikuwako kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha aliilipa kwa jasho lake. Waliobeba mawe katika maboma ya siku zile ni watu wa nchi hii, na majina yao hayakuandikwa popote.

Tulipokwisha kusema haya, kijana yule wa tatu, ambaye ana akili kuliko alivyotaka tujue, akajibu, “Kubeba walibeba, Baba Mchungaji. Lakini akili ilikuwa ya Mdachi.” Hakuwa na adabu nyingi, bali alikuwa na haki ya kujibiwa.

Basi tukamwambia: Shika njia ya Tarime hata Sirari, vuka mpaka uingie Isebania, ufike mji wa Migori katika Kenya. Kutoka hapo, kilomita 46 hivi upande wa kaskazini-magharibi, pana mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Kuta zake zina urefu wa meta moja na nusu hata meta nne na nusu, na unene wa meta moja hata tatu. Hazina chokaa, wala udongo, wala simenti. Kuna ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na katikati yamejazwa mawe madogo, na kila jiwe lashikwa na jirani yake. Zilijengwa karibu na karne ya 16, siku zile zile ambazo kazi ya Köln ilisimama. Yadhaniwa ya kuwa wakaaji wa kwanza walikuwa wa jamaa za Kibantu. Baadaye Wajaluo wakakaa humo, wakatengeneza palipoanguka. Hakuna Mdachi aliyeamuru. Mwaka 2018 mahali pale pakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na kanisa la Köln limo katika orodha iyo hiyo.

Hata pwani ni vivyo hivyo. Kwa muda mrefu wageni waliandika ya kuwa miji ya mawe ya Waswahili ilijengwa na Waajemi na Waarabu peke yao. Lakini huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, mmoja chini ya mwingine, hata karne ya 8. Wenyeji walianza kwa miti, wakaendelea kwa mawe, kama watu wa Uingereza.

Kijana hakujibu neno. Aliuliza tu nauli ya kwenda Migori ni kiasi gani.

Juma lililofuata tulikwenda kuhudumu katika mtaa wetu mmoja ulio upande wa Mugumu. Kanisa la pale ni dogo, kuta zake ni za mawe ya mlimani, na juu ya mlango pana kibao chenye jina la mgeni mmoja aliyeleta mabati. Twamshukuru mgeni huyo. Mabati yake hayavuji hata sasa. Lakini baada ya ibada tuliwauliza wazee, “Na mawe, ni nani aliyeyabeba?” Kwanza walinyamaza. Kisha mmoja akataja jina, na wa pili akamsahihisha, wakaanza kubishana kwa furaha, na ubishi ule ukachukua saa nzima. Tukapata majina 11. Saba wamekwisha kulala. Wanne wako hai, na mmoja wao ni bibi aliyekuwa ameketi nyuma yetu wakati wote bila kusema kitu. Alipoulizwa alisema kwamba yeye hakubeba mawe mengi, alibeba maji ya kukandia udongo, kutoka mtoni, asubuhi mara tatu na jioni mara tatu, akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mzee wa kanisa aliyetufungulia mlango siku ile.

Tumeyaandika majina yote katika kitabu cha usharika. La yule bibi tuliliandika mbele yake, naye akaomba asomewe mara mbili.