Wenzi wa Chumbani: Urafiki wa Holmes na Watson kama Mhimili wa Usimulizi

Utangulizi

Wasomaji wengi wa riwaya za upelelezi humchukulia Daktari Watson kuwa kivuli tu cha Sherlock Holmes. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanashikilia kwamba urafiki wa wawili hawa ndio mhimili wa usimulizi wa Arthur Conan Doyle.

Chanzo cha Urafiki

Katika A Study in Scarlet (1887), kinachowakutanisha si mapenzi bali ni kodi ya nyumba. Watson ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa vitani Maiwand, Afghanistan. Malipo yake ya shilingi 11 na peni 6 kwa siku hayamudu gharama za London. Holmes naye amepata vyumba katika mtaa wa Baker Street, ila anahitaji wa kuchangia kodi. Kabla ya kuhamia, kila mmoja anazitaja ila zake. Holmes huvuta tumbaku kali, hufanya majaribio ya kemia na huweza kununa siku kadhaa bila kusema neno. Watson ni mvivu, huamka wakati wowote na hapendi kelele. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Uwazi huo ndio unaozaa yote yanayofuata.

Tofauti kama Mbinu

Holmes ni bingwa wa sumu na kemia, lakini hajui kwamba dunia hulizunguka jua, wala hajali. Watson hustaajabu, huuliza na hukosea. Kwa kuwa ndiye msimulizi, msomaji huona kwa macho yake na kufichwa anayofichwa yeye. Taharuki huzaliwa katika pengo hilo.

Hata hivyo, Watson si wa kuitikia tu. Katika The Sign of Four (1890), anamkanya Holmes kwa kutumia kokeini. Aidha, katika The Three Garridebs (1924), Watson anapopigwa risasi, Holmes huyo mkavu wa hisia anatetemeka midomo. Jeraha dogo linafichua pendo lililositirika miaka mingi.

Hitimisho

Athari ya jozi hii ilifika hadi Unguja. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenzi aitwaye Najum. Mhakiki anayewadharau akina Najum na Watson hulikosa jambo la msingi: mwerevu asiye na mwenzi wa kumwuliza hana hadithi.